Waya mweupe na mchango wa chama: namna pampu ya joto inavyoita joto la msaada

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama mu mkutano wa mwezi, hapa Baraka. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walio ng'ambo, maana yanawahusu hata zaidi kuliko sisi.



Nafungua kwanza kitabu cha kese, ndipo tufike kwenye waya. Mwezi wa 1 na mwezi wa 2, mistari ya wanachama watatu walio Marekani haina kitu. Hawa njo watu waliokuwa wanatuma dola 50 kila mwezi bila kukumbushwa. Kwa sababu ya ile mistari mitatu, mwezi wa 2 mama mmoja wetu alipopelekwa kuzaa kwa upasuaji, kese haikutosha, tukaenda kukopa kwa mwenye duka. Lile deni tunalilipa hadi leo.

Mu mkutano uliopita mzee mmoja alisimama hapa akasema: "Hawa watoto wametusahau. Wanakula vizuri kule, kisha wanatuambia eti umeme." Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Sasa naomba msamaha mbele yenu, kwa sababu mmoja wa wale watatu ni shemeji yangu, na nimekwisha kuona fakitire yake kwa macho yangu kwenye telefone. Hakusema uongo. Umeme ulikuwa unakula mchango wetu, na uliupitia mu waya mmoja mwembamba, mweupe. Mulinijua kama mtu wa shirika, wa kuandika majina na kugawa mahema. Wengine hamkujua kwamba mu chuo nilisoma umeme. Leo niruhusuni nitumie yale masomo kidogo.

Shemeji yangu tulikuwa naye Nyarugusu, Kigoma. Sisi tulirudi kwa meli, yeye akachukuliwa kwenda Marekani. Anakaa Lexington, katika jimbo la Kentucky, ambako Wakongomani wako wengi sana. Kule mwezi wa 1 maji yanaganda nje usiku. Nyumba nyingi za majimbo yale ya kusini, Kentucky, Tennessee, North Carolina, hazipashwi joto kwa kuni wala mafuta. Zinatumia mashini ya umeme inayoitwa pampu ya joto.

Pampu ya joto ni nini? Wote mumenunua soda ya baridi pale bandarini. Pitisha mkono nyuma ya ile frigo: kuko moto. Ule moto ulitoka ndani, kwenye chupa. Frigo haitengenezi baridi, inatoa joto mahali pamoja na kulitupa mahali pengine. Pampu ya joto ni frigo iliyogeuzwa. Wakati wa baridi inachukua joto la nje, hata kama nje kuko baridi ya kukata masikio, na kulimwaga ndani ya nyumba. Wakati wa kiangazi inageuka, inatoa joto ndani na kulitupa nje. Mashini moja, kazi mbili. Ndani yake kuna valvu ya kugeuza njia ya gesi. Muikumbuke hiyo valvu, tutairudia.

Uzuri wake ni huu: kwa kuwa inahamisha joto tu, haitengenezi, ukiipa kipimo kimoja cha umeme inaweza kukuletea vipimo 2 na nusu au 3 vya joto. Kadiri baridi ya nje inavyozidi, ile faida inapungua, na nguvu yake inapungua vilevile. Kuna siku inafika haiwezi tena kuijaza nyumba peke yake. Kwa hiyo mafundi wameweka ndani ya kasha la feni msaidizi: nyaya nene za kupinga umeme, zinazowaka nyekundu. Ni resho, hakuna kitu kingine. Resho kubwa sana. Zile za mama zetu za Bukavu ni za kilowati 1 ao 2; hii ya kule ni kilowati 5, 10, hata 15. Na resho inakupa kipimo kimoja cha joto kwa kipimo kimoja cha umeme, basi. Hilo njo linaitwa joto la msaada. Kwenye ukuta wanaliandika kwa herufi tatu: AUX.

Tufanye hesabu, ili yule mzee wa mkutano uliopita aone. Tuseme nyumba kwa siku moja ya baridi inahitaji joto la kilowati 10 kwa saa 10. Hiyo ni kilowati-saa 100. Tuseme umeme unauzwa senti 15 za dola kwa kilowati-saa moja, ili hesabu iwe nyepesi. Ikipashwa na resho peke yake: dola 15 kwa siku, dola 450 kwa mwezi. Ikipashwa na pampu inayotoa 2 na nusu kwa 1: kilowati-saa 40, dola 6 kwa siku, dola 180 kwa mwezi. Tofauti ni dola 270. Nyumba ni ileile, joto ni lilelile, watoto wanalala vizuri namna ileile. Wale watatu pamoja wanatutumia dola 150. Muko mnaona?

Sasa, nani anaamua ni pampu ao ni resho? Hapa vijana wa umeme wanisogelee kidogo.

Munajua tangi la maji lenye motere na floteri. Maji yakijaa, floteri inapanda, inakata. Lakini umeme wa motere haupiti mu floteri, ungeiunguza. Floteri inapitisha umeme mdogo tu, unaoamuru kontakteri, na kontakteri ndiyo inafunga na kufungua umeme mkubwa. Nyumba ya Marekani ni vilevile. Themostati, kile kisanduku cha ukutani, ni floteri ya joto. Ndani ya kasha la feni kuna transfoma ndogo inayoshusha umeme wa volti 240 hadi volti 24. Hizo volti 24 zinapanda kwenye themostati kwa nyaya nyembamba, zimefungwa pamoja mu mpira mmoja, na kila waya una herufi yake.

R ni umeme unaokuja kutoka transfoma. C ni njia yake ya kurudi. Themostati haitengenezi umeme wowote. Kazi yake ni kuunganisha R na herufi nyingine, kama mtu anayeshika funguo za vyumba vingi. Ikiunganisha R na Y, kontakteri ya nje inafunga na kompresa inaanza. R na G, feni ya ndani inazunguka. R na O, ile valvu ya kugeuza inahama. Na R na W, ambayo kwenye nyumba za pampu inaandikwa W2 ao AUX, resho zinawaka. Rangi nazo ziko na desturi: R nyekundu, Y njano, G kijani, O ya chungwa, W nyeupe. Nimesema desturi, si sheria. Fundi aliyekuwa na haraka anaweza kutumia rangi yoyote. Muamini herufi za kule waya unakoishia, musiamini rangi.

Mashini ikiwa imefungwa vizuri, mambo yanakwenda hivi. Nje ni nyuzi 10 za Selsiasi, umeomba ndani iwe 20. Themostati inafunga Y na G. Kompresa inalia nje, feni inapuliza, resho zimelala. Usiku unaingia, nje inashuka chini ya sifuri, kompresa inafanya kazi bila kupumzika lakini chumba kinaanza kushuka. Kikipungua kiasi cha nyuzi 2 ao 3 za Fahrenheit chini ya ulichoomba, themostati inaongeza W juu ya Y. Narudia: inaongeza. Kompresa haizimi. Pampu inabeba mzigo wake na resho zinasaidia sehemu iliyobaki. Chumba kikirudi sawa, W inaachwa, Y inaendelea. Msaada unakuja, unaondoka. (Sisi wa chama cha kusaidiana tunajua kwamba msaada usioondoka unageuka kuwa kitu kingine, lakini hilo ni la mkutano mwingine.)

Kuna wakati mwingine W inaamka bila themostati kuiita. Mashini ya nje inashika barafu. Ili kuiyeyusha inajigeuza yenyewe kwa dakika chache, inachukua joto la ndani na kulipeleka nje. Ndani kungeingia upepo wa baridi, basi kadi ya mashini ya nje inatuma volti 24 kwenye W ili resho zipashe ule upepo. Nje utaona mvuke mwingi unapanda. Mama mmoja wa kule aliwatoa watoto mbio usiku akidhani ni moto. Si moto, ni maji yanapoa na kupanda.

Nirudi kwa shemeji. Mwezi wa 10 themostati yake ya zamani ilikufa, na mtu aliyetumwa na mwenye nyumba akaweka mpya. Nyumba ikawa na joto, watu wakashukuru. Mwezi wa 1 fakitire ikaja dola 412. Wakazima taa, wakaacha kupika maharage marefu, wakalala mapema. Mwezi wa 2, dola 438. Alipiga simu kwa dada yake, ambaye ni mke wangu, akalia. Mtu mzima.

Nilimwuliza swali moja: "Shemeji, toka nje, usikilize ile mashini kubwa kando ya ukuta. Inalia?" Akavaa koti, akatoka, akarudi: "Iko kimya." Ndani kulikuwa kuna joto, feni inapuliza, na kompresa kimya. Nikamwambia arudie jioni, halafu asubuhi. Kimya, kimya. Pale nilijua.

Aliizima themostati, akavuta kifuniko chake cha mbele, akapiga picha na kunitumia. Nyekundu kwenye R, bluu kwenye C, njano kwenye Y, kijani kwenye G, nyeupe kwenye W. Na waya wa chungwa umekunjwa pembeni, hauendi popote. Themostati mpya, ikiwekwa mara ya kwanza, inauliza: nyumba hii iko na mashini ya namna gani? Yule mtu alijibu kwamba ni tanuru ya kawaida. Kwa tanuru, W maana yake ni "leta joto", joto lote. Basi kila mara shemeji alipoomba joto, themostati ilifunga W peke yake. Y haikuguswa hata siku moja. Resho zilibeba baridi yote tangu mwezi wa 10, na ile mashini ya bei kubwa ilikaa nje kama mbuzi aliyefungwa.

Munaona ubaya wa kosa hili: halionekani. Ingekuwa nyumba inabaki baridi, wangelalamika siku ya kwanza. Nyumba ilikuwa na joto zuri. Na kama wangengoja hadi kiangazi, ule waya wa chungwa ungewashangaza: kwa mashini ile, valvu inahama kwenda upande wa baridi pale tu O inapopata umeme. Wangeomba baridi, mashini ingewaletea joto.

Tuliandika pamoja ujumbe kwa mwenye nyumba, sentensi tatu, bila hasira: mashini ya nje haifanyi kazi tunapoomba joto, ni resho tu zinazowaka, tunaomba fundi wa pampu ya joto akague namna themostati ilivyowekwa. Tuliongeza picha. Fundi alikuja baada ya siku 6. Akarudisha waya wa chungwa kwenye O, akahamisha mweupe kwenye AUX, akabadilisha jibu la lile swali la kwanza. Chini ya nusu saa. Kwa mita, kwa siku zenye baridi karibu sawa, walitoka kilowati-saa kama 95 kwa siku wakafika kama 45. Hesabu ya fakitire ya mwezi wa 3 siitumii, maana baridi yenyewe ilikuwa imepungua, nisije nikawadanganya.

Dola zake za mwezi wa 1 na wa 2 hazikurudi. Mwenye nyumba alisema fakitire ni ya mpangaji. Mimi naona si haki, lakini njo vile ilivyo.

Kuna makosa mengine mawili niyataje, kwa sababu wafadhili wetu wanasoma. La kwanza ni ile valvu. Viwanda vingi vinaipa umeme wakati wa kuleta baridi, hiyo ni O. Rheem na Ruud wao huipa umeme wakati wa kuleta joto, hiyo ni B. Themostati nyingi za leo ziko na tundu moja, O/B, na unachagua ndani ya programu. Ukichagua vibaya, wakati wa baridi kompresa inalia vizuri nje, lakini inaleta baridi ndani! Chumba kinashuka, W inaamka, resho zinapigana na kompresa, na mita inahesabu wote wawili. Kwa hiyo kusikia mashini ikilia nje hakutoshi. Weka na mkono kwenye tundu la upepo wakati AUX haijaandikwa kwenye kioo. Upepo wa pampu ni wa vuguvugu, si wa moto kama wa resho, lakini usiwe wa baridi.

La pili si la fundi, ni letu. Kwenye themostati kuna mahali pameandikwa EM HEAT. Watu wanasoma, wanaona ni joto la nguvu, wanabonyeza. Lile ni joto la dharura: linazima kompresa kabisa na kuacha resho peke yake, kwa ajili ya siku ambayo mashini ya nje imekufa na unangoja fundi. Ukilisahau pale, umejifanyia mwenyewe yaliyompata shemeji. Na kuna desturi yetu ya kubana matumizi: unashusha hadi 60 ya Fahrenheit ukienda kazini, ukirudi unapandisha 70 kwa mara moja. Themostati inaona pengo la nyuzi 10, inasema pampu haitaweza, inaita resho. Nyumba ya pampu ya joto ipandishe nyuzi moja ao mbili kwa wakati, ao iache palepale mchana na usiku.

Mama mmoja ameniuliza kabla ya mkutano: kwa nini wasikate tu huo waya mweupe? Swali zuri. Usiku wa baridi kali ungeulilia, na wakati wa kuyeyusha barafu ungepuliziwa baridi usoni. Kinachofaa ni kuufungia saa za kazi. Themostati nyingi zinakubali kuambiwa: nje ikiwa juu ya nyuzi 40 za Fahrenheit, yaani kama 4 zetu, usiite AUX. Kwenye mashini nyingine kuna kifaa cha nje kinachofanya kazi hiyo. Muombe fundi aliweke hilo.

Na vijana, pamoja na walio kule wanaojua umeme: volti 24 za themostati haziui, lakini ukigusisha R na C unachoma fuzi ya kadi, ya ampea 3 ao 5, na nyumba yote inanyamaza. Ile sehemu ya resho ndani ya kasha la feni ni volti 240. Pale mtu asifungue kabla ya kuangusha disjonkteri, na mpangaji asifungue kabisa. Kazi ya mpangaji ni masikio, mkono, picha na ujumbe.

Ninaomba katibu atume maneno haya kwa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa Kiswahili chetu, kabla ya mwezi wa 11. Wengine hawasomi herufi ndogo.

Kuhusu wale watatu: shemeji ameanza tena na dola 30, atapanda polepole kwa sababu alikopa kulipa fakitire. Wa pili nimezungumza naye. Yeye joto lake la msaada ni tanuru ya gesi, na kwa nyumba ya namna ile pampu na tanuru hazifanyi kazi kwa wakati mmoja, W ikiamka Y inaachwa, kwa hiyo dawa ya shemeji haimfai hata kidogo. Tunangoja picha zake. Wa tatu hajapokea simu. Nitampigia Jumapili, kwao ikiwa asubuhi, kabla hajaenda kanisani. Yule mzee wa mkutano uliopita amesema tupige pamoja.